Gunia Halirudi Tupu

Nyie watu wa Kyebando mmenichosha. Tangu nirudi, kila nikikaa kwenye benchi la kinyozi kuna mtu ananiuliza: "Rama, ile simsim mlitoa wapi? Ni kweli ililetwa na mzungu? Ni kweli uliiba?" Nimejibu mpaka nimeanza kujichanganya. Kwa hiyo nimeandika mara moja, msome wenyewe, mpeane. Mimi niliishia darasa la saba, mkiona sentensi imelala chali msiiamshe.

Kwanza mjue nilifuata nini huko. Kuna shirika la wazungu hapa Kampala linapeleka misaada kaskazini, lilikuwa linatafuta taniboi wa lori anayejua Kiacholi kidogo. Kiacholi changu ni cha mama, cha kugombezwa. Najua vizuri "njoo hapa" na "nani amevunja hii?" Mengine naunga unga. Wakanikubali kwa safari moja ya kunijaribu. Nikirudi salama, kazi ni yangu, kazi ya kudumu, na nyie mnajua miaka miwili nimeishi kwa kuosha bodaboda za watu. Sharti kubwa lilikuwa moja: usipokee kitu chochote kutoka kwa watu unaowapelekea msaada. Hata yai. Aliyenitangulia alirudi na jogoo kamficha chini ya kiti, jogoo akawika mbele ya bosi. Wote wawili hawakuonekana tena.

Kyebando mpaka Mengo

Siku ya kuondoka nilichelewa kwa ajili ya sahani. Nalongo, yule jirani yetu wa makaa, alikuwa ametuletea muhogo wa kuchemsha. Na mama yangu mnamjua, anaweza kulala njaa lakini hawezi kurudisha sahani ya mtu ikiwa tupu. Akaniambia nisubiri mandazi yaive, niweke manne, nipitie kwa Nalongo ndipo niende kazini.

"Mama, lori litaondoka."

"Liondoke. Sahani je, itaondoka yenyewe?"

Nikasubiri. Nikafika Mengo mbio, jasho mpaka kwenye soksi, nikakuta lori halijapakiwa hata gunia moja. Mama huwa ana bahati ya namna hiyo, ndiyo maana hasikii la mtu.

Stoo ilikuwa upande wa nyuma wa ukuta wa Lubiri, jumba la Kabaka. Ndani maharagwe yamekaa mpaka buibui wamejenga, wamezaa, wamehama. Dereva alisimama kivulini anachokoa meno. Mkenya, Mkamba, mtu mzima, kofia ya sufu kichwani jua likiwa linachoma. Jina lake Musyoka.

"Wewe ndiye taniboi mpya? Unaitwa nani?"

"Ramadhani Okello, mzee."

Akatoa kijiti mdomoni. "Hiyo ni mbuzi na kondoo kwenye kamba moja. Wewe ni Mwislamu ama Mkristo?"

Nikamweleza kama ninavyowaeleza wote. Baba alikuwa askari, Mwislamu wa Arua. Mama ni Mkatoliki wa Acholi. Walikutana kwenye kambi ya jeshi, wakapendana kwa Kiswahili kwa sababu hawakuwa na lugha nyingine. Mimi Idi nilikula, Krismasi nilikula, na kusali sikusali popote.

"Ati huna Mungu?"

"Sijasema hayupo, mzee. Hatujatambulishana."

Hakucheka. "Sikiza, kijana. Mimi nimeokoka miaka kumi na tisa. Tukirudi, bosi ataniuliza mimi kama unafaa. Mimi, si mwingine. Sasa niambie, mtu asiyeogopa Mungu, ni nini itamzuia kufungua gunia nikigeuka?"

"Mama yangu."

"Mama yako haoni mpaka huko."

"Wewe humjui mama yangu."

Mengo mpaka Kyambogo, halafu Kyebando tena

Mtu mwenye akili akitaka kwenda kaskazini anaelekea kaskazini. Sisi tulielekea mashariki, kwa sababu Madamu alikuwa anakaa Kyambogo karibu na chuo. Madamu ndiye mkuu wa safari, anaitwa Elke, mwanamke mrefu kama nguzo ya umeme, labda miaka thelathini. Kiswahili alijifunza Unguja. Alipanda akasema, "Hamjambo, waungwana? Niwieni radhi kwa kuwachelewesha." Musyoka akageuka kutafuta hao waungwana nyuma ya kiti.

Tukaondoka. Madamu akakumbuka kamera. Tukarudi. Tukaondoka. Foleni ya Ntinda ikatushika saa nzima na nusu, mpaka muuza fenesi akatuzoea akaanza kutusimulia matatizo ya ndoa yake. Saa saba mchana, banange, tukatokea wapi? Kyebando! Hapa hapa! Mama amekaa na karai lake la mandazi kando ya barabara, akaniona dirishani.

"Rama! Umerudi tayari? Wamekufukuza?"

"Hapana mama, ndiyo tunaondoka!"

"Tangu asubuhi?"

Akamtazama Madamu juu mpaka chini, akaona alivyokonda, akatia mandazi sita kwenye kavera, mfuko wa plastiki, akamrushia dirishani. "Mpe huyo mtoto wa watu ale. Wanamlisha nini huko?" Madamu alitaka kulipa. Mama akajifanya hasikii, na mama akijifanya hasikii hata mabomu hayamsumbui.

Barabara ya Bombo mpaka mto Kafu

Baada ya Luweero, mananasi tumekula, vidole vinanata, Musyoka akarudia hadithi yake. Anaendesha na kuhubiri pamoja, mkono mmoja usukani, mwingine mbinguni. Ati mtu bila dini ni kama lori bila breki. Mimi nikanyamaza, maana kazi naitaka. Ghafla Madamu akasema taratibu, "Hata mimi sina dini, Bwana Musyoka."

Lori lilikwenda majani kidogo likarudi.

"Wewe? Mzungu? Madamu, nyinyi ndio mlituletea!"

"Babu zetu, labda. Mimi sikuwepo."

"Haiwezekani! Mtu anakuja kwako na mzigo mzito, anakwambia shika hii, usiangushe. Unashika. Ukimtafuta, ameenda mikono mitupu anapiga mluzi!"

Madamu alicheka mpaka akakohoa ndazi. Musyoka akauliza, sasa kama hana dini, anahangaika na maharagwe ya nini? Si akae kwao? Madamu akafikiri, akasema hajui vizuri. Alimwona mtu ana njaa, yeye ana chakula, akaona haya.

Basi mimi nikawaambia habari ya mazishi ya baba. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Shehe alikuja na watu wake. Katekista wa mama naye akaja na watu wake, kumfariji mama, lakini akaanza kuuliza marehemu alibatizwa lini kimyakimya. Wakabishana mpaka jua likageuka. Aliyechimba kaburi ni yule fundi wa baiskeli wa bondeni, mlevi, mtu ambaye hajaingia msikiti wala kanisa hata kukimbia mvua. Alichimba peke yake, akaoga kwenye mfereji, akaenda zake bila kula. Tangu siku hiyo nikitaka kujua jambo fulani ni zuri ama baya, namfikiria yule mtu, halafu namfikiria mama ameshika mwiko. Hao wawili wananitosha.

Tulipofika Migyera Musyoka akapunguza mwendo. Halafu akasema, "Huyo fundi, Mungu anamjua."

"Basi amlipie deni lake la waragi, maana bado linasomwa ukutani."

Karibu na Kafu mkanda wa feni ukakatika. Musyoka akapata pikipiki ya kwenda kutafuta mwingine, sisi tukabaki kando ya njia kwa saa mbili, jua linatukaanga. Akapita mchunga ng'ombe, fimbo begani, akatuangalia, akaondoka bila neno. Nikasema huyu kiburi. Kumbe! Karudi na kibuyu cha maziwa, akampa Madamu kwanza. Madamu akanywa, akafungua pochi. Yule bwana uso ukabadilika. Akaniuliza kwa Kiswahili cha barabarani, "Huyu mimi nauzia yeye?" Nikamwambia Madamu arudishe pochi haraka. Akairudisha, akasema asante kama mara kumi, na yule bwana akasimama nasi mpaka Musyoka aliporudi, kutulinda sijui na nini, labda na ng'ombe wake.

Tukalala Kigumba.

Karuma

Karuma asubuhi Musyoka alisimamisha lori kabla ya daraja kuomba. Haombi kidogo yule. Alifumba macho, akaanza na marais, akashuka mpaka tairi za nyuma. Mimi nilikuwa upande wa pili nakaza turubai, Madamu amekwenda kupiga picha maji. Musyoka aliposema amina, mkungu wake wa ndizi mbivu, aliouweka juu ya boneti, haupo.

Akaja upande wangu polepole, kofia mkononi.

"Kijana."

"Naam, mzee."

"Nilifumba macho dakika tano."

"Kumi na mbili, mzee."

"Ndizi ziko wapi? Umeanza na ndizi, kesho gunia. Nilisema mimi! Nilisema Mengo!"

Jamani, nilijisikia vibaya. Kucheka nacheka sasa. Pale niliona kazi inaondoka na sijafika hata nusu ya njia. Nikamfungulia mdomo atazame, nikamgeuzia mifuko. Ndipo nikaona, ng'ambo ya barabara, nyani dume mkubwa amekaa kwenye ukingo kama chifu, anamenya ya tatu bila haraka.

"Mzee," nikasema, "muulize yule dini yake."

Musyoka aliangalia nyani, akaniangalia mimi, akavaa kofia. Samahani hakusema. Lakini chai ya Karuma alilipa yeye, na samaki wa kubanika juu yake.

Kijijini, mbele ya Gulu

Tulifika mchana wa siku ya pili. Watu wa hapo walikaa kambini miaka mingi wakati wa vita, sasa wamerudi kwenye ardhi yao. Mimi nilijiandaa kuona mifupa. Nikaona mahindi yamejaa kwenye vihenge, mtama umeanikwa, na simsim imesimamishwa kwa mafungu kila ua, imekauka, ukiigusa inamwaga. Simsim ni ule ufuta. Sisi tumewaletea maharagwe watu waliotoka kuvuna.

Aliyetupokea ni mama mmoja mtu mzima, mfupi, mkavu, sauti kama filimbi. Wanamwita Min Ochan, yaani mama yake Ochan, na pale hakuna kinachofanyika asipokohoa. Akatazama magunia yakishuka.

"Haya ni ya njaa ya mwezi ule?" akaniuliza.

"Ndiyo, mama."

"Njaa ilikuja, ikakaa, ikaondoka. Yenyewe yalikuwa wapi?"

"Njiani, mama."

"Njia gani hiyo?"

"Mimi mwenyewe nimeipita. Inaanzia Mengo, inakwenda Kyambogo, inarudi kwetu."

Akacheka kwa pua. Wakapokea, maana mgeni akileta kitu hakimbizwi nacho. Wakajipanga, wakaweka vidole kwenye wino, wakashika maharagwe mbele ya kamera. Madamu akisema "tabasamuni" nami natafsiri. Hapo ndipo akaniambia nitangaze kwamba magunia yenyewe shirika linayataka, wamimine maharagwe kwenye vyombo vyao, kesho asubuhi tuondoke na magunia. Nikatangaza. Kumbukeni hilo.

Jioni wanawake wanachambua maharagwe, mimi nikakaa kati yao nikapiga domo. Wakaniuliza Kampala wanaishije. Nikawapa yote, na mnanijua, naongeza chumvi. Nikasema Kampala maji tunanunua kwa dumu. Mboga tunanunua, zile zile zinazoota nyuma ya choo chenu. Kuni tunanunua. Ukibanwa mjini, hata choo unalipia, na ukikosa unakaza mpaka nyumbani. Mvua ikinyesha, mtaro wa Kyebando unaingia kutusalimia, tunapandisha watoto mezani. Tunalala saba chumba kimoja, na jirani akipika nyama anafunga mlango.

Walicheka mwanzo. Halafu mmoja akaacha kucheka, na mwingine. Min Ochan akaweka ungo chini.

"Na shamba lenu liko wapi?"

"Hatuna."

"Hata la mboga?"

"Hata la kitunguu kimoja."

"Sasa mkifa mnazikwa wapi?"

Hilo sikulitegemea. Nikasema, inategemea. Akanitazama kwa jicho la huruma ambalo sijawahi kutazamwa nalo hata nikiwa na surua.

Asubuhi nikaenda kukusanya magunia. Sita yamesimama kwenye mstari, yamejaa, midomo imeshonwa. Simsim nne, karanga mbili. Wanawake wote wamekuja, na Min Ochan amevaa gauni la kanisani.

"Mlisema magunia yarudi," akasema. "Haya yanarudi. Utawapa wale watu wa Kyebando wasio na shamba."

Nikashika kichwa kwa mikono miwili. Ningejua! Mimi mtoto wa mama yangu, mimi niliyechelewa kazini kwa ajili ya sahani ya Nalongo, nimesimama mbele ya watu nikatangaza vyombo virudi, halafu nikawalilia umaskini jioni nzima! Nikamtafsiria Madamu. Akawa mwekundu.

"Waambie tunashukuru sana, lakini hatupokei kitu kutoka kwa wafaidika. Ni sheria."

Nikatafsiri, nikapunguza makali. Haikusaidia. Min Ochan hakugomba. Akageuka akawaambia wenzake maneno mawili, na wale wanawake wakaenda majumbani, wakaanza kurudi na maharagwe, vikapu kichwani, wakayamimina kwenye turubai miguuni petu.

"Wanafanya nini?" Madamu akauliza.

"Wanasema kama chao hakiliki, basi na chetu hakiliki."

Musyoka akaninong'oneza, "Kijana, tukirudi na maharagwe, umefukuzwa. Tukirudi na simsim, umefukuzwa. Omba."

"Niombe nani, mzee?"

"Mwenyewe utajua!"

Sikuomba. Nilikaa juu ya tairi la akiba nikawaza, jasho linatiririka. Halafu nikamwendea Madamu.

"Madamu, haya maharagwe yalikuwa yetu sisi?"

"Hapana. Ni ya watu wa kwetu waliotoa."

"Sisi tulifanya nini?"

"Tuliyaleta."

"Na simsim hii si yetu. Ni ya Kyebando. Hakuna anayekupa wewe, hakuna anayenipa mimi. Hapa pia kuna watu waliotoa, na sisi lori tunalo. Ama lori linajua kubeba msaada kwa upande mmoja tu?"

Akaligeukia lori.

"Maziwa ya Kafu ulikunywa," nikaongeza.

"Yule hakuwa mfaidika."

"Ndiyo. Na mama yangu je, si ulikula mandazi yake? Wewe uliona haya kuwa na chakula mwenzio akiwa na njaa, si ndivyo, Madamu? Basi na huyu mama anaona haya hiyo hiyo."

Alimtazama Min Ochan muda mrefu. Yule mama naye hakupepesa. Mwisho Madamu akasema, "Tutabeba. Lakini wewe uko kwenye majaribio, Rama. Wewe usiguse. Hata punje moja. Wala hapa, wala Kampala."

"Hata punje."

"Ataapa kwa nini, huyu?" Musyoka akadakia. "Hana Biblia, hana Kurani!"

Min Ochan akataka kujua wanasema nini. Nikamweleza. Akaniuliza kama mama yangu yu hai. Nikasema yu hai na ana nguvu. "Basi aape kwa mama yake," akasema. Nikaapa kwa mama, mkono juu, mbele ya kijiji kizima. Maharagwe yakarudishwa vikapuni, na simsim ikapanda lori.

Kurudi

Kurudi kulikuwa kufupi kwa sababu hatukupitia Kyambogo. Mkanda wa feni ulishika. Ila gunia moja lilikuwa na tundu, nami nikapanda nyuma kuliziba kwa mgongo kutoka Gulu mpaka Luweero. Upepo, vumbi na simsim. Imeniingia masikioni, shingoni, kwenye nywele. Nasikia harufu yake, kama karanga lakini ya heshima zaidi, na mimi tangu asubuhi nimekula muhogo mkavu. Njiani Musyoka alisimama mara mbili ghafla, akaja nyuma kunitazama mdomo. Mara ya pili nikamtolea ulimi kabla hajaomba.

Kyebando

Hapa mlikuwepo, lakini kila mmoja aliona kipande chake, na wengine waliona sahani tu.

Madamu alitaka igawiwe sawasawa, kama kule. Foleni, kidole kwenye wino, picha. Nalongo alipofika mbele ya kamera na bakuli lake akaambiwa tabasamu, akaweka mikono kiunoni. "Nitabasamu nini, Madamu? Nani amesema mimi maskini? Mimi nauza makaa!" Watu wakaanza kunung'unika. Kinyozi akasema yeye hawezi kupigwa picha kama mkimbizi. Na mama yangu akatoka kwenye karai lake na mwiko mkononi.

"Rama. Ni wewe ulikwenda kututangaza huko?"

"Mama, mimi nilikuwa nachekesha watu."

"Ukasema tunalala saba?"

"Si ni kweli?"

"Kweli yako ni ya kwenda kuimbia kijiji cha watu?"

Madamu akashusha kamera. Nadhani alielewa kitu fulani, kwa sababu hakuirudisha usoni tena, na ule wino ukafungwa. Mimi nikamwambia mama kwa Kiacholi, kibaya hivyo hivyo, kwamba aliyetuma ni Min Ochan, mama mzee wa huko. Nikamwambia hakuuliza tunakula nini. Aliuliza tukifa tunazikwa wapi.

Mama alishusha mwiko. Hajarudi kwao tangu vita vianze, na hapo akachota simsim kiganjani, akainusa, akakaa chini kwenye ndoo ya mtu. Watu wote mkasogea, hata wewe kinyozi. Halafu akasema, "Hii ni ya kwetu," akainuka, akaita kinu.

Mengine mnajua. Ilikaangwa, ikatwangwa na karanga mpaka ikawa odii, ule uji mzito wa mafuta, ikapakwa juu ya viazi vitamu. Watoto walilamba vidole, majirani walilamba vidole vya watoto. Nalongo alikula mara tatu, akasema maskini si yeye ila tumbo lake. Mimi nilikaa kwenye kizingiti na kiazi kikavu. Mama aliniletea sahani, nikakataa. Akauliza naumwa? Nikamwambia nimeapa. Kwa nani? Kwako. Akasimama kidogo na ile sahani, akairudisha ndani, na akanipiga kofi dogo la kichwani ambalo halikuuma hata kidogo.

Sikujua kama Musyoka amekuja. Alikuwa amerudi kuchukua turubai lake, amesimama nyuma ya ukuta wa choo cha Nalongo, anachungulia. Baadaye akaniambia alisimama nusu saa nzima akingoja nilambe hata kidole.

Jumatatu tuliitwa kwa bosi. Madamu alikuwa ameshaeleza yote bila kuficha, na bosi hakufurahi. Akamgeukia dereva. "Musyoka, wewe husemi uongo. Huyu kijana alipokea kitu kwa wale watu?"

Musyoka akavua kofia ya sufu, kipara kikang'aa. "Hata punje, bosi. Nilimlinda kwa macho yangu, na nisipokuwepo alijilinda mwenyewe. Nani anamlinda, mimi sijui. Lakini analindwa."

Kazi nimepata. Mzee bado ananiombea, amesema hataacha, nami nimemwambia aniombee na raba mpya akiwa huko huko.

Sasa lile gunia lenye tundu, ambalo shirika halikulitaka. Mama ameliosha, ameliziba tundu, ameliweka mlangoni, na nyie wenyewe mmekuwa mkipita mkitia vitu: sabuni, chumvi, viberiti, nguo za mapacha wa Nalongo, na kinyozi ametia mkasi. Mama ameshona mdomo wa gunia kwa mkono wake, akasema lori la msaada yeye halitaki, atapanda basi alipeleke mwenyewe kwa Min Ochan, na akifika kule atakaa wiki. Ameshanunua viatu.

Basi mmesoma. Msiniulize tena ilitoka wapi. Ila mimi nina swali langu moja kwenu, maana nilibeba magunia sita, nikalalia moja kutoka Gulu, na mpaka leo nachana nywele zinadondoka punje, naziokota nampa mama. Nyie mliokula, niambieni: ilikuwa tamu?